Barua ya maabara iseme kazi uliyofanya
Wewe uliyemaliza digrii, uko Lamu unawazia masta ya sayansi za tiba, usingoje tangazo la nafasi za masomo litoke ndipo uanze kutafuta transkripti, ile hati ya alama zako za chuo. Vyuo vingi vya Kenya hutaka digrii ya daraja la pili la juu (second class upper). Mwenye la pili la chini huulizwa uzoefu, kwa kawaida miaka 2, basi barua ya maabara ulikofanya kazi itaje tarehe na vipimo ulivyofanya kwa mkono wako. Yangu ya kwanza ilisema tu “ni kijana mwenye bidii”. Ikarudishwa! Vyeti navyo viskani mapema pale saiba (duka la kompyuta na intaneti), maana unyevu wa bahari huku kwetu hauna huruma na karatasi. Na msimamizi wa tasnifu mtafute sasa, usisubiri mwaka wa pili.