Kupima mkojo kwa stripu: namna ya kutambua maambukizi na uvimbe wa njia ya mkojo

Katika vituo vyetu vya afya vya Unguja na Pemba, mgonjwa anayelalamika kwamba akienda haja ndogo anaungua, au kwamba tumbo la chini linamkata, mara nyingi huanza kupimwa kwa kijiti cha mkojo, ambacho wengi tumezoea kukiita stripu. Kipimo hiki ni cha bei nafuu, hakihitaji umeme, na majibu yake hupatikana ndani ya dakika mbili. Kwa sababu ya wepesi huo, majibu husomwa kwa haraka kuliko inavyofaa, na mgonjwa hutoka na neno “yutiai” (UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo) na paketi ya antibayotiki kabla hajaulizwa hata maswali mawili. Maelezo haya ni kwa ajili ya wauguzi, wakunga na wenzangu wa maabara. Ninaloliamini ni kwamba vipande viwili vinavyotazamwa zaidi, cha lukosaiti (chembe nyeupe za damu) na cha nitriti (kemikali inayotengenezwa na bakteria), havijibu swali moja, na asiyejua kila kimoja kinajibu nini atawapa dawa wasiozihitaji na kuwaachia maradhi wanaozihitaji.

Kazi huanza kwenye kopo, na hapo ndipo majibu mengi yanapoharibika. Mgonjwa apewe kopo safi, kavu, lenye mfuniko wa kukaza, na aelezwe taratibu mahali pa faragha. Kwa mwanamke, maelezo hayo yatoke kwa mfanyakazi mwanamke ikiwezekana, kwa maneno ya heshima: “Mama, jisafishe kwanza kwa maji matupu, kutoka mbele kwenda nyuma. Ukianza kwenda haja ndogo, mwanzo wake uuache uende chooni, kisha kinga wa katikati, na wa mwisho umalizie chooni.” Kujisafisha kwa maji ni mazoea ya watu wetu, na hilo linatusaidia; lakini sabuni na dawa za kuulia vijidudu zisitumike, kwa kuwa mabaki yake yanaweza kubadilisha rangi za stripu. Mwanamke aliye katika hedhi, au anayetokwa na uchafu ukeni, aulizwe mapema na jibu liandikwe kwenye fomu, kwani damu na chembe nyeupe zitakazoonekana huenda hazikutoka kwenye kibofu kabisa. Mkojo upimwe ndani ya saa mbili. Katika joto letu, mkojo uliosahauliwa mezani tangu asubuhi huotesha bakteria wake wenyewe ndani ya kopo. Usipoweza kupimwa kwa wakati, uwekwe kwenye friji, kisha uachwe ubaridi uishe kabla ya kuchovya stripu.

Stripu zenyewe zina adui mkubwa hapa visiwani, nalo ni unyevunyevu. Chupa ikiachwa wazi, hasa katika miezi ya masika, kipande cha nitriti huweza kugeuka rangi chenyewe kikaonyesha maambukizi yasiyokuwepo, na vipande vingine hupoteza nguvu. Toa stripu moja tu, funika chupa papo hapo, usikiondoe kile kifuko cha kukaushia unyevu kilichomo ndani, na usiweke chupa kwenye friji. Andika juu yake tarehe uliyoifungua. Stripu ambayo vipande vyake vimeshabadilika rangi kabla ya kuguswa na mkojo itupwe, hata kama tarehe ya mwisho wa matumizi bado haijafika.

Tikisa mkojo polepole ili chembe zilizotuama zichanganyike, chovya stripu mpaka vipande vyote vilowane, na uitoe mara moja huku ukiburuta ukingo wake kwenye mdomo wa kopo. Gusisha ubavu wake kwenye karatasi laini, kisha uilaze. Ukiisimamisha, rangi ya kipande kimoja hutiririka kwenye kingine. Tumia saa, usikisie. Kwa stripu nyingi nitriti husomwa baada ya sekunde 60 na lukosaiti baada ya dakika mbili, lakini maelezo ya chupa unayoitumia ndiyo yanayofuatwa. Rangi inayojitokeza baada ya muda huo haihesabiwi. Soma kwenye mwanga wa kutosha karibu na dirisha: nitriti hugeuka kutoka weupe kuwa waridi, na waridi hafifu huonekana vyema stripu ikiwekwa juu ya karatasi nyeupe, ilhali lukosaiti hutoka kwenye rangi ya maziwa ikaelekea zambarau. Waridi ulioenea kipande chote, hata ukiwa hafifu, ni jibu la ndiyo. Madoa ya waridi pembeni tu si jibu. Ukolevu wa waridi hauelezi wingi wa bakteria.

Nitriti inajibu swali la bakteria. Bakteria wengi wa kundi la Gramu hasi (mgawanyo wa bakteria kwa namna wanavyopokea rangi maabara), akiwemo E. koli anayeongoza kwa kuleta maambukizi haya, hugeuza nitrati zitokanazo na chakula kuwa nitriti, na kipande hicho huigundua kwa mmenyuko ambao mkemia Mjerumani Peter Griess aliueleza mwaka 1879. Mkojo uliotolewa vizuri na kupimwa mapema ukionyesha nitriti, huo ni ushahidi mzito. Kukosekana kwake, hata hivyo, hakumwondolei mgonjwa shaka, kwa sababu bakteria wanahitaji takriban saa nne ndani ya kibofu ili kuifanya kazi hiyo, na mwenye maambukizi makali huenda chooni kila baada ya nusu saa. Isitoshe, bakteria wa aina nyingine, kama enterokoki na baadhi ya stafilokoki, hawaigeuzi nitrati kabisa. Ndiyo maana mkojo wa kwanza wa asubuhi hupendekezwa.

Lukosaiti inajibu swali la uvimbe, yaani mwili kupambana na kinachouwasha au kuudhuru. Kinachopimwa ni esterasi, kimeng’enya cha chembe nyeupe za damu, nacho huonekana hata chembe zenyewe zikiwa zimeshapasuka. Chembe hizo huja popote penye mwasho au uvimbe: kwenye kisonono na klamidia, kwenye vijiwe, kwenye kifua kikuu cha figo, kwa mgonjwa aliyekwishaanza antibayotiki, na kwa uchafu wa ukeni ulioingia koponi. Mtu mwenye lukosaiti nyingi asiye na nitriti, ambaye ametumia dawa mara mbili tatu bila nafuu na ameshaambiwa kwamba ana “yutiai sugu”, anastahili kuulizwa juu ya maradhi ya zinaa na kupimwa kifua kikuu kabla ya kuandikiwa dawa ya nne. Kwa upande wa pili, sukari nyingi kwenye mkojo, vitamini C kwa wingi na mkojo mzito hukifanya kipande hiki kionyeshe pungufu. Mwezi wa Ramadhani tulikumbuke hili: mkojo wa alasiri wa mtu aliyefunga huwa mzito, na lukosaiti hafifu hapo inaweza kuwa nyingi kuliko inavyoonekana.

Mgonjwa mwenye dalili akionyesha vyote viwili, maambukizi yana uwezekano mkubwa sana. Visipoonekana vyote viwili na dalili ni chache, tafuta sababu nyingine. Kigumu ni cha katikati, kimoja kikionyesha na kingine kisionyeshe, na hapo hadubini na kuotesha mkojo (kuwakuza bakteria wake maabara ili watambulike) ndivyo vinavyoamua, si idadi ya alama za kujumlisha (+) za stripu.

Damu kwetu ina maana yake pekee. Katika vijiji vya Unguja na Pemba vyenye vijito na mabonde ya maji matamu, konokono wanaobeba kichocho cha mkojo bado wapo, na damu kwenye mkojo wa mtoto wa skuli lazima ikukumbushe hilo kabla ya bakteria. Muulize anaoga au kufulia wapi, na kama damu huonekana zaidi mwishoni mwa haja. Mayai ya kichocho hutoka kwa wingi kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, kwa hiyo mkojo wa alfajiri, ulio bora kwa nitriti, si bora kwa kuyatafuta. Mwombe alete mwingine saa hizo, na mililita 10 zichujwe na kutazamwa kwa hadubini. Kichocho huleta chembe nyeupe pia, na mtoto huyo anahitaji prazikwanteli, dawa ya kichocho, si antibayotiki. Kipande cha damu chenye madoa ya kijani kinaonyesha chembe nyekundu nzima, na kilichogeuka kijani chote kinaweza kuwa ni himoglobini, rangi nyekundu ya damu, iliyokwishatoka ndani ya chembe.

Protini kidogo huambatana na uvimbe na haitoshi peke yake. pH (kipimo cha uasidi) ya 8 au zaidi katika mkojo mbichi humtia mtu shaka ya Proteus, bakteria anayevunja urea na kusababisha vijiwe.

Mjamzito ana hukumu yake. Bakteria kwenye mkojo wake hutibiwa hata kama hana dalili, kwa sababu wasipotibiwa wanaweza kupanda hadi kwenye figo. Na kwa kuwa stripu huwakosa baadhi ya wanawake hao, mkojo wake uoteshwe panapowezekana. Kinyume chake ni mzee asiye na dalili, au mgonjwa mwenye mpira wa mkojo, ambaye mara nyingi atakuwa na bakteria na chembe nyeupe: kumpima bila dalili ni kumtafutia dawa asizozihitaji. Kwa mtoto mchanga mwenye homa, mkojo wa kwenye mfuko uliobandikwa kwenye ngozi huchafuka kwa urahisi, na stripu isiyoonyesha kitu isikutulize. Mgonjwa mwenye homa, kutetemeka na maumivu ya ubavuni apelekwe hospitali, mkojo wa kuotesha ukichukuliwa kabla ya dozi ya kwanza bila kuichelewesha dawa.

Kwenye fomu usiandike “yutiai”. Andika saa mkojo ulipotolewa na ulipopimwa, namna ulivyochukuliwa, rangi ya kila kipande kama ulivyoisoma, dalili alizozitaja mgonjwa, na dawa zozote alizokwisha kunywa, zikiwemo zile alizojinunulia mwenyewe kwenye duka la dawa.