Usianze na Hoteli: Jinsi ya Kujenga Utalii katika Nchi Inayotegemea Mafuta

Serikali yenye mapato ya mafuta ikitaka uchumi usimame kwa miguu zaidi ya mmoja, kitu cha kwanza kufika mezani huwa ni mchoro wa hoteli kubwa ufukweni. Fedha zipo, mkandarasi yupo, na waziri anapata cha kuzindua. Baada ya miaka mitatu hoteli imekamilika na wageni hawaonekani. Kilichokosekana si vyumba. Mgeni anahitaji kwanza ndege ya kumfikisha, kibali cha kuingia kisichomsumbua, na bei anayoweza kuilipa.

Tenganisha wageni kabla ya kuwahesabu

Katika miji ya mafuta hoteli hujaa Jumatatu hadi Alhamisi na kupwaya mwisho wa wiki. Hao ni wahandisi, wanasheria na wauza vifaa vya visima. Wakiingizwa kwenye takwimu kama watalii, nchi itajidanganya kwamba imepata sekta mpya, kumbe ni mafuta yaleyale yamevaa suti. Bei ya pipa ilipoanguka kutoka zaidi ya dola 100 katikati ya 2014 hadi chini ya dola 30 mwanzoni mwa 2016, wasafiri wa aina hiyo walipungua sambamba na mapato ya serikali.

Weka swali la sababu ya safari kwenye fomu ya uhamiaji na kwenye daftari la hoteli: mapumziko, kutembelea ndugu, biashara, ibada, matibabu. Kila robo mwaka, toa idadi ya wageni wa mapumziko peke yake. Watenge pia wa ndani na wa nje. Saudi Arabia ilitangaza kufikisha ziara milioni 100 mwaka 2023, lakini nyingi zilikuwa za wakazi wa nchi hiyo hiyo. Wana faida yao, ila hawaleti fedha za kigeni, na hizo ndizo mafuta yatakapopungua zitakazotafutwa.

Hesabu viti, kisha vyumba

Chukua ndege moja ya viti 180 inayotua mara 4 kwa wiki. Kwa mwaka inaleta viti 37,440. Ikijaa kwa asilimia 75, abiria ni 28,080. Tuseme nusu yao ni watalii: 14,040. Wakikaa usiku 6 kila mmoja, wawili kwa chumba, wanahitaji vyumba-usiku 42,120 (chumba kimoja kwa usiku mmoja ni kimoja). Chumba chenye wageni asilimia 60 ya mwaka kinatoa usiku 219. Gawanya: vyumba 193 vinatosha. Anayependekeza kujenga vyumba 2,000 aonyeshe kwanza ndege zitakazovijaza.

Ndege hazivutwi kwa hotuba. Shirika huangalia ada ya kutua (ipunguze kwa miaka miwili ya mwanzo, kwa mkataba wenye tarehe ya mwisho), bei ya mafuta ya ndege, na kama litaweza kuhamisha mapato yake kwenda nje. Hili la mwisho ndilo huua safari nyingi. Mwaka 2022 kampuni ya ndege ya Emirates ilisitisha safari zake za Nigeria kwa sababu fedha zake zilikwama nchini humo kwa uhaba wa dola; ilirejea Oktoba 2024. Kuhusu mafuta ya ndege, usidhani kuchimba mafuta ghafi kunakuhakikishia bei nzuri. Nchi isiyo na kiwanda cha kusafisha huagiza mafuta ya ndege kama wengine, na wakati mwingine huyauza ghali kuliko jirani asiye na kisima hata kimoja.

Mlango

Saudi Arabia ilifungua viza ya utalii ya mtandaoni Septemba 2019 kwa raia wa nchi 49. Angola iliondoa viza ya utalii kwa raia wa nchi 98 mwaka 2023. Hatua kama hizi ni rahisi kutangaza, ngumu kutekeleza. Zijaribu hivi: mpe mtu aliye nje simu na kadi ya benki. Akishindwa kumaliza fomu kwa dakika 15, au akitakiwa barua ya mwaliko, mfumo bado ni wa wahandisi.

Kuna kero nyingine ambayo wapangaji huisahau: picha. Nchi nyingi za mafuta zina askari waliozoea kulinda mabomba na bandari, na mgeni mwenye kamera hutiliwa shaka. Toa orodha fupi ya maeneo yasiyopigwa picha, weka mabango, na ieleze kwa kila kituo cha polisi kwamba kwingine kote ni ruhusa.

Bei

Dola za mafuta zikimiminika, sarafu hupanda thamani, mishahara hupanda, na chakula cha hoteli huagizwa kutoka nje. Nchi ghali haiwezi kushindana kwa ufukwe wa bei rahisi, kwa hiyo isijaribu. Iuze kitu ambacho hakipo kwingine, kwa wageni wachache. Rwanda, isiyochimba mafuta, imetoza dola 1,500 kwa kibali cha kuona sokwe wa milimani tangu 2017, na watu wanalipa. Gabon nayo ilitangaza hifadhi 13 za taifa mwaka 2002, lakini utalii wake ungali mdogo. Kufika hifadhini ni safari ndefu na ya gharama, na wanyama peke yao hawafuti hilo.

Chagua eneo moja tu la kuanzia, lisilozidi saa tatu kutoka uwanja wa ndege. Fedha za serikali ziende kwenye barabara, maji, zahanati na walinzi wa hifadhi. Nyumba za wageni za vyumba 20 hadi 40 waachiwe wenye mitaji yao. Masharti ya leseni yataje kiasi cha mayai, samaki na mboga kitakachonunuliwa wilayani, la sivyo sehemu kubwa ya malipo ya mgeni itarudi ilikotoka. Wahudumu waanze mafunzo miezi sita kabla ya kufungua, na uajiri zaidi ya unaowahitaji, maana walio hodari watachukuliwa na kampuni za mafuta.

Bajeti isiyofuata pipa

Kosa la kawaida ni kukata fedha za utalii pindi bei ya mafuta inaposhuka, yaani wakati zinapohitajika zaidi. Bei ikiwa juu, tenga matumizi ya miaka mitano kwenye akaunti ya peke yake. Usiahidi lakini kwamba sekta hizi mbili zitapokezana. Mwaka 2020 wasafiri wa kimataifa walipungua kwa zaidi ya asilimia 70 duniani, na Aprili ya mwaka huohuo mafuta ghafi ya Marekani yaliuzwa chini ya sifuri. Akiba inahitajika hata utalii ukifanikiwa.