Mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo katika ofisi ya mbunge: kazi za kila siku na namna ya kuzifanya

Siku ya kwanza utakabidhiwa simu. Usidhani ni kazi ya kukuzubaisha. Mbunge hawezi kuzungumza na kila anayepiga, kwa hiyo mengi anayoyajua kuhusu hali ya watu wake wiki hiyo yanatoka kwenye rejista ya simu, na anayeandika rejista hiyo ni wewe.

Fika nusu saa kabla ya ofisi kufunguliwa. Weka mezani vitu vitatu: rejista, orodha ya shughuli za bunge za siku hiyo, na karatasi inayoonyesha nani ofisini anashughulikia nini. Orodha ya shughuli ndiyo itakayokueleza kwa nini simu zinamiminika. Muswada ukijadiliwa leo, wapigaji hawatautaja kwa jina lake. Watasema tu "ile ya ardhi", na wewe unatakiwa uelewe.

Simu

Taja ofisi kwanza, kisha jina lako. Muulize mpigaji jina lake na anakoishi mapema, kabla hajazama kwenye maelezo. Mbunge anawatumikia wakazi wa jimbo lake, na katika bunge la Uingereza, kwa mfano, ni desturi ya siku nyingi kwamba mbunge hashughulikii kero ya mkazi wa jimbo la mwenzake. Ukimwacha mtu aeleze kwa dakika ishirini ndipo umwambie apige kwingine, umemkosea, na atakueleza hivyo bila kukuficha.

Kisha andika saa, jina, mahali, namba ya simu, jambo lenyewe, anachotaka kifanyike, na kama anahitaji majibu. Wengi huharibu kwenye "jambo lenyewe". Tazama maandishi haya mawili ya simu moja:

"Mama mmoja kalalamika kuhusu maji."

"Saa 4:20 asubuhi. Mwalimu mstaafu, mkazi wa jimbo. Anapinga kifungu cha 14 cha muswada wa maji kwa kuwa kinamtaka mwenye kisima cha nyumbani alipie leseni. Anataka majibu kwa barua."

La kwanza halina kazi. La pili mbunge anaweza kusimama nalo kwenye kamati.

Kuna swali litakalokujia kila siku: "Mheshimiwa atapiga kura gani?" Jibu kwa yale tu ambayo ofisi imeshayatoa kwa maandishi. Kama hakuna, sema: "Msimamo wake haujatolewa, lakini maoni yako nimeyaandika na yatamfikia." Sema hivyo hata kama umemsikia kwa masikio yako akiongea ukumbini. Ukiteleza, kesho yake kitaandikwa mtandaoni kuwa ni kauli ya mbunge. Hakuna atakayeongeza kwamba aliyesema ni mwanafunzi.

Mpigaji mwenye hasira usibishane naye. Mwache atoe ya moyoni, halafu msomee ulichoandika na umuulize kama umempata sawasawa. Kusomewa maneno yake mwenyewe hupoza kuliko kuombwa radhi mara kumi. Akitukana, mwonye mara moja. Akiendelea, mweleze kwamba unakata simu, kata, na uandike. Tishio ni jambo jingine kabisa. Hapo usiwe wa kwanza kukata. Andika maneno yake kama alivyoyatamka, saa, namba, hata sauti zinazosikika nyuma yake, kisha peleka kwa mkuu wa ofisi papo hapo ili walinzi wa bunge waarifiwe. Usingoje simu inayofuata wala usiamue mwenyewe kwamba anatania. Mtu akisema anataka kujidhuru, mshike kwenye simu kwa maneno ya upole na umpungie mwenzako mkono aje. Hilo si la kubeba peke yako.

Barua

Kila barua igongwe mhuri wa tarehe ya kupokelewa kwenye ukurasa wa kwanza, siyo kwenye bahasha. Bahasha ibane nyuma ya barua iwapo anwani ya mwandishi iko huko tu. Halafu zigawe: kero za mtu binafsi, maoni kuhusu miswada, mialiko, na zile za kampeni ambazo watu mia wametuma maneno yaleyale.

Za kampeni huhesabiwa, moja ikawekwa kama kielelezo, na majina yakaingizwa kwenye orodha. Lakini soma kila moja hadi mwisho. Mara nyingi mtu hutia sahihi barua iliyochapwa na wengine, kisha chini kabisa akaongeza kwa mkono mistari miwili kuhusu pensheni yake iliyokwama. Hiyo sasa ni kero, na aliyehesabu bila kusoma ameshaizika.

Mwaliko upeleke siku hiyohiyo kwa anayetunza shajara, ila kwanza linganisha siku na tarehe. "Jumamosi tarehe 14" wakati tarehe 14 ni Jumapili ni kosa la kila wiki, na dawa yake ni kumpigia aliyealika.

Ukipewa kuandika rasimu ya majibu, isizidi ukurasa mmoja. Aya ya kwanza ieleze mwandishi alisema nini, kwa maneno yanayoonyesha kwamba barua yake imesomwa. Ya pili iseme mbunge amefanya nini. Ya tatu iseme kinachofuata. Epuka "Mheshimiwa atahakikisha". Andika "ameuliza", "amemwandikia waziri", "amepeleka kwenye kamati", mradi iwe kweli. Jina la mwananchi liandikwe herufi kwa herufi kama alivyoliandika mwenyewe. Ukilikosea, yaliyobaki hayasomi.

Kero

Hapa ndipo penye uzito. Mtu amekwama mahali: hati haijatoka, malipo yamesimama, ombi halijajibiwa kwa miezi. Anachohitaji kutoka ofisini ni sauti inayosikika kuliko yake.

Anza na ridhaa ya maandishi. Idara za serikali hazimpi mtu wa tatu taarifa za mwananchi hivihivi. Marekani ina sheria ya faragha ya mwaka 1974, ndiyo maana ofisi za wabunge kule humtaka mwananchi asaini fomu kabla ya lolote. Bila sahihi, barua yako kwa idara itarudi na wiki tatu zitakuwa zimeenda bure. Chukua pia namba ya jalada au ya ombi, tarehe za kila hatua, na nakala za nyaraka. Chukua nakala tu. Hati halisi ikipotelea ofisini kwenu, kero yake imegeuka kuwa yenu.

Muulize swali ambalo wengi husahau: "Jambo hili umeshalipeleka kwa nani mwingine?" Ofisi mbili zikiiandikia idara moja kuhusu mtu mmoja, maafisa husubiriana na jalada halisogei.

Barua ya kwenda idarani iombe taarifa ya hatua iliyofikiwa, sababu ya kuchelewa na tarehe ya majibu. Isiiamuru idara iamue nini. Shauri lililoko mahakamani ofisi ya mbunge haliingilii, na mwananchi aelezwe hivyo siku ya kwanza, hata kama jibu litamuuma. Kamwe usiseme "tutakupatia".

Juu ya jalada andika tarehe ya kufuatilia, tuseme siku 14 kutoka leo, na uiingize kwenye shajara ya ofisi. Jalada lisilo na tarehe inayofuata limekufa. Na tarehe ikifika bila majibu, mpigie mwananchi umwambie hivyo. Mkikaa kimya mwezi mzima atahesabu kwamba mmemtupa.

Miswada na kamati

Ukitumwa kuandaa dokezo la muswada, hakikisha kwanza una toleo la mwisho. Muswada hubadilika kila unapopita kwenye kamati, na kifungu cha 9 cha mwezi jana huenda leo ni cha 11. Weka sheria iliyopo upande mmoja na muswada upande mwingine, usome kifungu kwa kifungu. Dokezo liwe ukurasa mmoja: namba na jina la muswada, aliyeuleta, umefikia hatua gani, unabadilisha nini, nani anaunga mkono na nani anapinga na kwa hoja ipi, na maswali matatu ambayo mbunge anaweza kuuliza. Katika mabunge yanayofuata mfumo wa Uingereza, kusomwa mara ya kwanza kwa kawaida hakuna mjadala. Mjadala wa jumla huja mara ya pili, na vifungu huchambuliwa kwenye kamati. Mwananchi akiuliza apeleke maoni lini, kwa kawaida kamati ndiyo penye nafasi.

Kwenye kikao cha kamati usihangaike kunasa kila neno, maana Hansard, yaani kumbukumbu rasmi za bunge, ipo kwa kazi hiyo. Andika aliyeahidi nini, nyaraka zipi zimeombwa na ziletwe lini, na dakika jambo liliposemwa ili baadaye lipatikane upesi kwenye kumbukumbu.

Ukiwa na wageni, sikiliza kengele ya kura. Katika bunge la Uingereza milango hufungwa dakika 8 baada ya kengele kuanza kulia, hivyo mbunge huondoka katikati ya sentensi. Waambie wageni mapema kwamba hilo linaweza kutokea, na wewe ubaki nao ukiandika yaliyosalia.

Fotokopi, chai, kupeleka bahasha: fanya bila kununa. Bahasha usiiache mahali bila kitabu cha kusambazia barua kusainiwa na aliyepokea.

Usipige picha meza yako. Nyuma ya uso wako kutaonekana jalada la mtu. Kwenye lifti na mgahawani jina la mwananchi lisitajwe, kwa kuwa hujui aliyesimama nyuma yako anatoka ofisi gani. Na ukiombwa kazi ya uchaguzi au ya chama ndani ya saa za ofisi, muulize mkuu wa ofisi kabla ya kugusa lolote. Mabunge mengi yanakataza kutumia fedha na vifaa vya umma kwa kampeni.

Daftari la chuo lijaze kila jioni kabla ya kuondoka, maana Ijumaa hutakumbuka ya Jumatatu. Liwe na sahihi ya msimamizi kila wiki. Ukimkusanyia za miezi miwili, utamkuta bunge limeahirishwa naye yuko jimboni. Kwenye ripoti, wananchi waandike "mwananchi A", "mwananchi B", bila kijiji wala ugonjwa utakaowatambulisha, na mkabidhi msimamizi aisome kabla hujaipeleka chuoni.