Kampuni changa na sheria ya data: anzieni kwenye droo, si kwenye fomu

Jioni moja pale Wandegeya, Kampala, nilinunua rolex, ile chapati iliyoviringishiwa mayai. Muuzaji akanifungia kwa karatasi kuukuu; nilipoikunjua nikakuta majina ya wateja wetu, namba zao za simu na mitaa wanakokaa. Ni orodha ya oda tuliyoichapa wenyewe. Na Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya Uganda ya 2019 ilikuwa mezani kwangu, nimeshaipigia mistari.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ya kuifuata sheria hiyo si usajili. Ketini asubuhi nzima muandike kila mahali zinapokaa taarifa za watu: programu yenyewe, faili za Excel, kundi la WhatsApp la madereva wa boda, simu ya mhasibu, droo. Mbele ya kila moja jibuni: tunaichukua kwa nini, nani anaiona, tunaifuta lini? Isiyo na jibu ifutwe. Sisi tulikuwa tunadai picha ya kitambulisho cha taifa ili kumpelekea mtu matoke! Tulizifuta zote.

Pili, tengeni taarifa nyeti. Hapa wengi huteleza, kwani kwa sheria ya Uganda taarifa za fedha za mtu zimewekwa kundi moja na afya, dini na msimamo wa kisiasa. Mkikopesha watu kwa simu, mmo. Za mtoto zinahitaji ridhaa ya mzazi au mlezi.

Tatu, ridhaa yenyewe. Sentensi mbili za kuiomba zatosha, kwa Kiluganda au Kiswahili anachokielewa mteja.

Nne, jisajilini mtandaoni kwa Ofisi ya Ulinzi wa Data Binafsi, iliyo chini ya NITA-U, mamlaka ya taifa ya teknolojia ya habari. Usajili hudumu miezi 12, kisha mnauhuisha. Teueni afisa wa ulinzi wa data. Anaweza kuwa mmoja wenu, ila asiwe yule anayebebeshwa kila kitu. Kama seva ziko ng'ambo, hakikisheni nchi hiyo ina ulinzi usiopungua wa hapa, au mpate ridhaa ya mteja.

Tano, siku data ikivuja. Mnaijulisha Ofisi hiyo ya Ulinzi wa Data mara moja, nayo ndiyo huamua kama wateja waambiwe. Msifiche: mahakama inaweza kuiamuru kampuni iliyokutwa na hatia ilipe hadi asilimia 2 ya mapato ghafi ya mwaka. Andikeni leo nani atatoa taarifa, na nani atashika nafasi yake akiwa kijijini. Kwetu majina hayo mawili yako ukutani, juu ya mashine ya kuchanachana karatasi tuliyoinunua Nasser Road.