Kutengeneza logga (kifaa cha kurekodi vipimo) ya mkondo na joto la maji ukiwa Nairobi

Kupima mkondo chini ya maji si lazima ununue kitu ya feni. Kuna ile ya kuinama: paipu ya PVC imezibwa ili ielee, unaifunga na kamba fupi kwa uzito pale chini, maji yakitulia inasimama wima, mkondo ukija inalala, na ukiongezeka inalala zaidi. Ndani weka LSM303 inayosoma mwinamo na dira, saa ya DS3231, memori kadi, bodi ndogo ya Arduino na betri, alafu kichwa cha sensa ya joto DS18B20 kitokee nje. Nyingi ya hizi utapata Luthuli, ile barabara ya maduka ya elektroniki mjini. Ukiona joto ni -127 usishtuke, hapo cheki waya na ile rezista ya 4.7k inayounganisha waya wa data na wa umeme wa sensa.

Kucheki kama sensa ya joto inasoma sawa, ponda barafu, ongeza maji kidogo, koroga, ngoja itulie, inafaa isome karibu na 0, na nusu digrii juu ama chini bado iko sawa. Ile ya maji yanayochemka achana nayo, hapa tuko juu ya mita 1,600 hivyo yanachemka kwa 94 hivi, sasa mtu anaona sensa haifiki 100 anaanza kuongeza 6 kwa programu na kuharibu kila kitu!

Uzito mwaga simiti kwa ndoo ya rangi ya plastiki, bila nondo, manake chuma inavuruga dira. Dira yenyewe irekebishe betri zikiwa ndani, ukiizungusha pande zote.

Kujua mwinamo gani ni spidi gani, tafuta swimming pool. Chukua mti mrefu, chini yake toa mkono wa pembeni ufunge kamba hapo ili paipu isifuate nyuma ya mti, alafu tembea kandokando: mita 10 kwa sekunde 20 ni 0.5 m/s. Rudia polepole na haraka, chora grafu ya mwinamo na spidi. Ukibadilisha aina ya betri uzito unabadilika, so unarudia.

Kabla ya yote zamisha paipu tupu na tishu ndani kwa ndoo ya maji usiku mzima, uone kama inavuja. Ndoo haikuonyeshi presha lakini, kila mita 10 inaongeza kama atmosfia moja.

Programu isome kila dakika 10, kila mara masomo mengi kwa dakika moja alafu uchukue wastani, sababu mawimbi yanaitikisa, katikati bodi ilale. Na ukifika Pwani ama Kisumu pitia BMU (Beach Management Unit, kikundi cha wavuvi kinachosimamia bichi) ya hiyo bichi kwanza uwaonyeshe utaiweka wapi, la sivyo itatoka na nyavu za mtu.