Kufufua lori la Fiat 682 lililolala: hatua kwa hatua, kutoka gereji ya Mbeya

Wazee wa barabara ya Tunduma wanalijua lori hili kuliko mafundi wa leo. Rhodesia ilipojitangazia uhuru Novemba 1965 na Zambia ikakatiwa mafuta ya kupitia kusini, mizigo iligeuziwa Dar es Salaam. Kampuni ya Zambia-Tanzania Road Services ikaundwa 1966, na Fiat zikawa ndizo zinazopanda mlima Kitonga kwa vumbi na matope kuja Iringa, Makambako na Mbeya. Fiat 682 ilianza kutoka kiwandani Italia mwaka 1952. Usukani wake uko kulia, maana Waitalia wa enzi zile waliweka usukani wa malori makubwa kulia japo kwao wanapita kulia mwa barabara. Kwetu hakuna cha kugeuza. Toleo lake la N3 lina silinda 6 za mstari mmoja, ujazo wa zaidi ya lita 11, na halina tabo (turbo, kifaa cha kusukuma hewa zaidi kwenye injini).

Zilizobaki ni chache, na nyingi zinafia gereji. Fundi anafika asubuhi, saa nne hedi (kichwa cha injini) iko chini, na hakuna aliyeuliza gari lilisimama kwa sababu gani. Mpangilio ninaoufuata mimi unaweka spana kubwa mwisho.

Hatua ya 1: Uliza, kisha piga picha

Mtafute dereva wa mwisho, au hata utingo wake. "Lilikuwa linachemsha" na "lilikuwa linakosa nguvu mlimani" ni kazi mbili tofauti kabisa. Linganisha namba ya chasisi na kadi ya gari kabla hujalipa hata senti. Halafu piga picha kila bomba, waya na mkono wa akseleta kabla hujavigusa, kwa sababu lori la pili la kuchungulia huenda usilipate mkoa mzima.

Hatua ya 2: Zungusha injini kwa mkono

Usipige stata. Legeza kwanza bolti ya oili chini ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, taratibu. Maji ni mazito kuliko oili, kwa hiyo kama yamo yatatangulia kutoka. Oili ikiwa na rangi ya maziwa, jaza maji kwenye rejeta, vua sampu, lala chini na tochi uone matone yanatoka silinda ipi. Hapo umepata jibu bila kugusa hedi.

Kama oili ni safi, vua nozo zote sita, zile zinazopuliza dizeli ndani ya silinda, mimina mchanganyiko wa dizeli na oili nyembamba kidogo kila silinda, uache siku kadhaa. Rudi na mtaimbo, zungusha kwa upande injini inakozungukia, kidogo kidogo. Ikigoma kila mara mahali pale pale, usilazimishe: vua kifuniko cha juu utazame valvu. Mara nyingi moja imeganda wazi na pistoni inaigonga. Ipake oili, igongegonge kwa nyundo ya mpira mpaka irudi. Ukilazimisha kwa stata utapinda pushirodi, ile fito inayosukuma valvu, na pushirodi ya 682 si ya kwenda kununua soko la Mwanjelwa jioni.

Hatua ya 3: Dizeli

Hapa ndipo penye kazi, tusikimbie.

Dizeli ya zamani ndani ya tenki imekuwa gundi, na chini yake kuna maji na kutu. Usiihangaikie kwanza. Tundika kidumu cha dizeli safi juu kuliko injini, unganisha mpira wake kwenye filta mpya, tenki liache pembeni. Injini ikija kuwaka kwa kidumu na ikagoma kwa tenki, tatizo liko kwenye tenki, kwenye mabomba au kwenye pampu ndogo ya kuvuta. Umeokoa pampu kubwa, ile inayosukuma dizeli kwenye nozo, isifunguliwe bure.

Kisha toa hewa. Legeza skrubu ya juu ya filta, dizeli itoke hadi mapovu yaishe, funga. Fanya hivyo hivyo kwenye pampu. Mwisho legeza nati za mabomba upande wa nozo wakati stata inapigwa, ufunge moja moja dizeli inapotoka. Mkono usiukaribishe kwenye dizeli inayoruka hapo: dizeli ya presha ile inapenya ngozi, na hiyo ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo hata kama kidonda ni kidogo kama tundu la sindano.

Kabla ya kuwasha, fungua kifuniko cha ubavuni mwa pampu na usukume reki, ile fito yenye meno inayopima dizeli. Iteleze na kurudi bila kusita. Lori lililolala reki yake huganda ikiwa wazi, na injini ikiwaka inapandisha mizunguko yenyewe hadi ipasuke. Kuzima swichi hakusaidii. Kwa hiyo mtu mmoja asimame na ubao mpana tayari kuziba mdomo wa hewa. Ubao, siyo kiganja wala tambara. Ile bakuli ya oili ya kisafisha hewa nayo imwage, uijaze hadi alama tu. Ikizidi injini itainywa, na matokeo ni yale yale.

Skrubu zenye muhuri kwenye pampu mwachie fundi pampu mwenye mashine ya kupimia.

Hatua ya 4: Umeme

Volti 24, betri mbili za 12 zilizounganishwa kwa mfuatano. Stata ikivuta kwa uvivu asubuhi ya Juni, kila mtu hapa anasingizia baridi. Baridi ipo, lakini pima: weka waya mmoja wa mita kwenye hasi ya betri na mwingine kwenye bloku, piga stata. Ikizidi nusu volti, waya wa athi, ule unaounganisha hasi ya betri na injini, una kutu. Kwangua, kaza, rudia.

Hatua ya 5: Soma moshi

Mweupe unaochoma macho: dizeli haiungui, angalia nozo au taimingi (wakati dizeli inapopulizwa). Mweupe usiokwisha huku maji ya rejeta yanapungua: gasketi ya hedi. Wa bluu: oili, lakini lipe muda kidogo, ringi zilizolala huachia.

Mweusi ndio unaodanganya watu. Mbeya tuko kama mita 1,700 juu ya bahari, na presha ya hewa ni pungufu kwa karibu asilimia 18 kuliko Dar. Injini isiyo na tabo inapimiwa dizeli ile ile kwa hewa kidogo, lazima itoe weusi ikibanwa mlimani. Usihukumu nozo kwa moshi wa Mbeya pekee, na anayekuambia aongeze dizeli "lipate nguvu" anakuongezea joto.

Hatua ya 6: Breki za upepo

Fungua koki za matanki ya upepo, mwaga maji. Jaza upepo, zima injini, tazama geji, pitisha povu la sabuni kila kiungo. Daiframu za mpira badilisha zote bila kujadili. Lainingi za zamani zilikuwa na asbesto: zilowanishe, vumbi lisipulizwe kwa kompresa. Sili na beringi zina namba ubavuni. Nenda dukani na namba, jina la lori haliwasaidii.

Hatua ya 7: Majaribio

Anza tambarare, kisha kilima kidogo, lori tupu. Mteremko wa Iwambi na Kitonga visubiri. Shuka kwa gia ambayo ungepandia. Ukifika chini simama, weka choki kwenye matairi, zunguka ukipitisha mkono karibu na kila ngoma ya breki bila kuigusa. Yenye moto kuliko wenzake inabana. Iliyo baridi haishiki kabisa, na hiyo ndiyo ya kuvua kwanza.