Ua jekundu porini: hakikisha ni mshubiri kabla ya kuwawekea kuku

Kiangazi kikishika Dodoma, kwenye miamba na vichaka vilivyokauka vya Bahi, Chamwino au Mpwapwa, mimea inayotoa maua mekundu huonekana kwa mbali. Wafugaji wengi huiita yote alovera, hukata majani na kuyaloweka kwenye maji ya kuku. Tabia hiyo ni ya hatari, maana baadhi ya mimea hiyo ina sumu. Rangi ya ua isikutoshe. Kagua jani na shina.

Majani ya mshubiri, yaani mmea wa jamii ya alovera, ni manene, yamejipanga kwa duara, na kingo zake zina miiba mifupi migumu. Ukilikata jani, karibu na ganda hutoka utomvu wa njano, mchungu kweli kweli, ambao ukipigwa na hewa hugeuka kahawia. Maua ni mirija midogo inayoning'inia kwenye bua refu, na ndege chozi huyafuata sana. Ipo aina moja iliyozoeleka katika maeneo yetu makavu, Aloe secundiflora, ambayo mirija yake hujipanga upande mmoja tu wa kila tawi la bua. Ukiona hivyo, huna haja ya kubahatisha.

Waridi la jangwani ndilo linalovutia macho, na ndilo la kuogopa. Shina lake limevimba chini mithili ya chupa, gome ni la kijivu, na majani hayana miiba. Kiangazi hupukutisha majani, hivyo mara nyingi utalikuta limechanua likiwa tupu: ua la petali tano, jekundu pembezoni, limepauka katikati. Utomvu wake una sumu ya moyo, ndiyo maana wawindaji waliupaka kwenye mishale. Wanaolipanda kama pambo waliweke mbali na mbuzi na watoto.

Kalanchoe ina petali nne na majani manene yasiyo na miiba. Nayo ina aina zinazodhuru mifugo. Mmea ukitoa maziwa meupe, huenda ni wa jamii ya mnyaa. Usiukaribie bila kulinda macho. Maziwa yakiingia, osha kwa maji mengi na uende zahanati.

Hata ukiupata mshubiri wenyewe, usiutegemee kuzuia kideri (ugonjwa wa Newcastle unaoua kuku). Kinachokinga ni chanjo: ile ya I-2 hutolewa tone 1 jichoni, kila baada ya miezi 3, kwa kuku wasioumwa.

Ukivuna, chukua majani machache ya chini na uache kitovu. Mmea uliong'olewa haurudi. Mishubiri ya porini iko chini ya CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya mimea na wanyama wa porini, kwa hiyo kuisafirisha nje ya nchi kunahitaji kibali. Ukiwa na shaka, piga picha ya mmea mzima, ukingo wa jani, ua kwa ubavu na jani lililokatwa, umpelekee afisa ugani wa kata. Picha ya ua peke yake haimsaidii.